Bwana Shimasu wa Barabara ya Mhezi

Jumatatu tarehe 31 Oktoba 1960, saa ya kufunga stoo, Bwana Zebedayo Mchome atanirudishia mtarimbo wake na kustaafu, baada ya miaka thelathini ya kazi katika kambi ya barabara ya Same. Ofisi inahesabu ishirini na sita, kwa sababu inaitoa ile minne aliyokuwa vitani. Sisi wa kambini hatuitoi hata mmoja, na mtakaofika mwisho wa maandishi haya mtakubaliana nasi.

Kamati ya sherehe ilinipa mimi, Melkizedeki, mtunza stoo, nusu ukurasa. Nusu ukurasa inatosha kumuaga mtu aliyeajiriwa juzi. Kwa Zebedayo haitoshi hata kueleza habari za viatu vyake. Kwa hiyo nimekula nafasi ya ratiba ya nyimbo, na wanakwaya watanivumilia, maana wao nyimbo zao wamezikariri, na mimi habari hii imenikaa kooni mwaka mzima.

Zebedayo ni mzaliwa wa Mhezi. Aliingia kambini mwaka 1930 kama kibarua wa sururu, akawa mpasua mawe, akawa nyapara, na tangu mwaka 1953 ni nyapara mkuu. Alipoanza, njia ya kupanda milimani kutoka Same ilikuwa ya mbuzi na ya watu wenye haraka. Kona ile kali chini ya Mhezi, ambapo zamani madereva waliwashusha abiria wote wapande kwa miguu, ni yeye na kundi lake walioichonga upya, na leo basi linapita hapo abiria wakiwa wamesinzia. Mvua za mwaka 1951 zilipobeba kalvati upande wa Hedaru, hakutoka katika korongo lile mpaka lori la kwanza lilipovuka. Mkewe, Bibi Eliwaza, alimpelekea chakula huko huko, pamoja na ujumbe kwamba kama amehamia korongoni aseme, ili apelekewe na kitanda.

Ni mtu wa majivuno. Nalisema waziwazi kwa kuwa yeye mwenyewe hatakataa. Hajawahi kupanga jiwe bila kutuita tukalitazame. Kanisani huimba besi, humaliza wimbo nyuma ya wenzake wote, kisha hudai kwamba wao ndio waliokimbia. Buti zake za jeshi zimebadilishwa soli kwa mpira wa gari mara nyingi hata sijui kilichobaki cha asili ni nini, lakini upana wa mifereji yetu hupimwa kwa buti la kushoto mpaka leo. Na mtarimbo wake hauguswi na mtu. Mkaguzi mmoja aliwahi kuuegemea bila kujua, na Zebedayo, kwa heshima zote, akamletea kiti.

Lakini jina linalojulikana kuanzia Hedaru hadi Mhezi si Zebedayo, wala si Nyapara. Ni Bwana Shimasu. Watoto wa shule huliimba lori letu likipita. Kuna wageni hapa leo wanaodhani ni jina la ukoo, kwa hiyo naeleza lilikotoka.

Mwaka 1942 Zebedayo alijiunga na KAR, jeshi la Mwingereza la askari Waafrika, na mwishowe akafikishwa Burma kupigana na Wajapani katika misitu ya mvua. Huko alipata jeraha la mguu analolisikia mpaka leo baridi ikiingia. Alipoanza kukanyaga tena, alipangiwa kazi ndogo ndogo za wodini katika hospitali ya jeshi, na wodi hiyo ndimo walimolazwa mateka wa Kijapani waliojeruhiwa. Mmoja wao aliitwa Ogata, mtu mwembamba aliyepoteza mkono wa kulia. Zebedayo ndiye aliyemlisha. Hawakuwa na lugha ya kuzungumza. Kiingereza cha wote wawili kilikuwa cha kuombea maji tu.

Siku moja Zebedayo akifagia, Ogata aliuonyesha ufagio kwa kidevu akasema, soji shimasu. Zebedayo akarudia. Zamu ya kufua ilipofika, ikawa sentaku shimasu. Sahani ya chakula ilipoletwa, ikawa shokuji shimasu. Hapo Zebedayo alishtuka kwa furaha. Aliona kwamba kazi inatajwa kwanza, iwe ya kufagia, ya kufua au ya kula, kisha unaipachika hiyo shimasu mwishoni, yaani kufanya, na sentensi inasimama yenyewe. Ukitaka kuuliza, unaongeza ka mkiani. Kazi ikiisha, shimasu inageuka shimashita. Kitenzi kimoja kiliendesha wodi nzima. Anasema alicheka sana siku ile hata muuguzi akaja kumpima homa.

Alirudi nyumbani mwaka 1946 na kovu, koti la jeshi na kitenzi hicho kimoja, akakileta moja kwa moja kazini. Sasa, kwa mgeni asiyetujua: sisi Wapare tuna msaragambo, kazi ya pamoja. Pembe inapulizwa, kila nyumba inatoa mtu, kila mtu anakuja na jembe au panga lake, na kazi inakwenda kwa kelele, nyimbo na utani mpaka iishe. Msaragambo wa kimya hatujauona. Zebedayo alikiingiza Kijapani humo humo. Yeye alitaja kitu, tuseme jiwe, na sisi tukajibu kwa pamoja shimasu, tukisukuma. Mfereji, shimasu. Kifusi, shimasu. Mchana makande yakiwa tayari, aliuliza kwa sauti, shokuji shimasu ka, na hakuna jibu lililowahi kutoka haraka kuliko hilo. Jioni yeye peke yake aliruhusiwa kusema shimashita, na hapo ndipo zana zilirudi stoo. Nimewaona watu wazima wamesimama na sururu mikononi jua likizama, wakilisubiri neno hilo, kwa sababu Zebedayo alikuwa bado anaitazama kona na hajaridhika.

Mtu mmoja tu hakuamini. Simeoni, fundi mwashi wetu kutoka Hedaru, aliitikia shimasu kama wengine, lakini alishikilia kwamba hicho si Kijapani. Alisema kuanzia Same mpaka Tanga hakuna Mjapani wa kumuuliza, na kwamba mateka mwenye akili zake, akiangaliwa na askari asiyejua lugha yake, atamfundisha matusi na kujifurahisha akisikia anavyoyarudia. Alisema kwa utani, na kambi nzima ilicheka. Zebedayo naye alicheka.

Kisha jioni moja ya mwaka ule ule alikuja akakaa kwenye benchi la stoo yangu, akaniambia, bila majivuno yoyote, kwamba huenda Simeoni anasema kweli. Alimlisha Ogata kwa mkono wake miezi na miezi. Alimwona rafiki, rafiki wa pekee aliyempata katika vita vile. Sasa hajui kama rafiki huyo alikuwa akimtukana huku akitabasamu, na hakuna wa kumwambia. Alisema mtu aliyekatwa mkono ana sababu za kulipiza, na yeye hatamlaumu, ila angependa kujua. Miaka kumi na tatu alilibeba swali hilo. Kila alipoita shimasu barabarani nilimtazama, na nilijua anajiuliza.

Ndipo ukaja mwezi wa Julai, mwaka jana. Mjapani alifika Same. Habari hizo zilifika kambini kabla mwenyewe hajamaliza kushuka kwenye basi. Aliitwa Bwana Nishio, mtafiti wa mimea, mtu wa makamo mwenye miwani, aliyekuja kutafuta kuvumwani, ile inayovika magogo ukijani, na mimea midogo ya kivulini katika msitu wa Shengena. Zebedayo na kundi lake walikuwa juu ya Mhezi wakizoa udongo ulioporomoka barabarani. Nikafunga stoo, nikapanda lori la kokoto, na lori lile halijawahi kupandishwa mlima namna ile tangu litoke kiwandani.

Zebedayo alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanawa uso, akavaa koti lake la jeshi, akafunga vifungo vyote, akaanza kuyapitia maneno yake kimoyomoyo, midomo ikicheza. Simeoni alimwambia ajiandae kuchekwa. Kundi zima lilikuwa limechangamka kama siku ya harusi. Jibu lililosubiriwa miaka yote lilikuwa limekuja lenyewe kwa basi. Lakini tulipofika kijijini tuliambiwa mgeni ameshapitia upande mwingine akapanda msituni, pamoja na Gideoni, mkulima wa Mhezi aliyeajiriwa amwongoze, na kwamba watalala huko. Zebedayo akasema atamngoja. Sote tukamngoja pamoja naye, na stoo ikabaki na kufuli lake.

Kesho yake mchana aliyeshuka alikuwa Gideoni peke yake, anahema. Mgeni aliamka na homa kali, malaria aliyopanda nayo kutoka tambarare. Gideoni alimfunika, akaenda kijitoni kuchota maji, na aliporudi hakukuta mtu. Mfuko wa mimea ulikuwa pale, blanketi lilikuwa pale. Ukungu ulikuwa umeshuka, na wenyeji mnajua baridi ya Julai ya Shengena ilivyo. Mgonjwa mwenye shati tu asingeiona asubuhi.

Tukafanya tunachokijua. Pembe ikapulizwa na kila nyumba ya Mhezi ikatoa mtu. Ulikuwa msaragambo wa kumtafuta binadamu, na sijaona mwingine mkubwa kama huo. Tukaingia msituni tumejipanga, mapanga yakifungua njia, pembe ikilia, kila mmoja akiita kwa lugha aliyonayo, huyu Kiswahili, yule Chasu, lugha yetu Wapare. Karani wa baraza alikuwa na Kiingereza, akaita kwa Kiingereza kwamba mgeni ajitokeze mara moja. Nia yetu ilikuwa njema kabisa. Tulitaka asikie kwamba tupo wengi, ili moyo wake utulie. Tuliita hivyo mpaka sauti zikakauka, na tulichopata ni alama zake tu: kiatu kimoja, kisha tawi lililovunjwa, kisha nyayo zilizoingia kijitoni na kutotokea ng'ambo.

Zebedayo aliziinamia nyayo zile, akakaa juu ya gogo, akatuomba tunyamaze. Kuwanyamazisha watu wa msaragambo ni kazi kubwa kuliko kuchonga ile kona, lakini uso wake ulikuwa umebadilika, na tulinyamaza. Akasema mtu huyu hajapotea, anatukimbia. Anatembea ndani ya maji ili asiache alama, na jambo hilo halifundishwi kwa wasomea mimea, linafundishwa jeshini. Akatuambia tujisikilize wenyewe: pembe, mapanga, sauti za Waafrika wengi zinazidi kukaribia ndani ya msitu wenye mvua, na yeye kichwa kimejaa homa. Alisema mtu huyu kichwani mwake yupo Burma, na anadhani ni sisi askari wa KAR tena.

Hapo ndipo furaha yote ya jana yake iliponitoka. Maneno tuliyoyachezea barabarani sasa yalikuwa uhai wa mtu. Kama kweli ni Kijapani, huenda akatoka. Kama ni matusi, kama Ogata alikuwa akimchezea, basi tungemtukana mtu anayekufa, naye angezidi kuingia ndani. Zebedayo alilijua hilo kuliko sisi sote. Alikuwa na neno mdomoni na halikutoka. Aliyemsogelea ni Simeoni, huyo huyo, akamshika bega akamwambia taratibu: ita tu, kaka, hatuna kingine.

Zebedayo akavua koti la jeshi, akalikunja, akalikalia. Akaagiza mapanga yawekwe chini, na pembe iwekwe chini. Akaagiza moto uwashwe, na chungu cha makande kilichobebwa na wanawake wa Mhezi kiinjikwe pale pale. Kisha akaita, si kwa sauti ya nyapara, bali ile ya mtu anayezungumza na jirani wa ng'ambo ya bonde. Soji shimasu. Nafagia. Sentaku shimasu. Nafua nguo. Matone tu yalianguka kutoka majanini. Hakuwa na neno la kusema usiogope, wala la kusema sisi ni marafiki, kwa sababu Ogata hakumfikisha huko. Alikuwa na ufagio, nguo chafu na sahani, basi. Akavirudia hivyo hivyo, akiueleza msitu mzima kazi zake za nyumbani, na watu wazima wenye mapanga miguuni wakimsikiliza kama wapo ibadani.

Makande yakaanza kunukia. Zebedayo akavuta pumzi, akauliza swali lile tulilolijibu kila mchana tangu arudi vitani. Shokuji shimasu ka?

Kisha, si ng'ambo ya kijito wala si juu mlimani, bali chini ya mizizi ya mti tuliokuwa tumeuzunguka, hatua chache tu kutoka motoni, sauti nyembamba ikajibu.

Shimasu.

Hakuna aliyepiga kelele. Nilikuwapo, na ninawaambia, Wapare wengi namna ile hawajawahi kukaa kimya kwa pamoja. Simeoni alikaa kwenye matope mzima mzima, akalia bila kujificha. Zebedayo alitambaa mpaka kwenye mizizi akiwa na bakuli mkononi, na mtu aliyetoka humo alikuwa udongo mtupu, miwani tu ndiyo iliyong'aa. Alimlisha kijiko kwa kijiko, akimsubiri ameze, kama alivyomlisha yule mwingine. Tukamfunga kwenye machela ya fito na mablanketi, na msaragambo uliopanda mlima kwa makelele uliushuka kwa minong'ono, watu wakipokezana mabega mpaka barabarani lori lilipokuwa.

Bwana Nishio alilazwa Same, akapona. Na kabla hamjauliza, hapana, hakumjua Ogata. Kila mtu ameshauliza hilo, na Japani si Hedaru. Lakini Burma alikuwapo, akiwa askari, upande ule mwingine. Alimsimulia Zebedayo kwa Kiingereza, karani akitafsiri, kwamba aliposikia pembe aliona vita vimerudi, akaapa safari hii hapatikani. Kisha akasikia mtu anafua nguo. Alisema katika vita vyote vile hakuna adui aliyemtangazia kwamba anafua nguo. Akatega sikio tena, akasikia kuna anayefagia. Akaanza kujiuliza kama vita si vimekwisha.

Ndipo Zebedayo akauliza la kwake. Alitamka kila alichofundishwa na Ogata, kimoja baada ya kingine, akataka kujua kama humo kuna tusi. Bwana Nishio alimsikiliza mpaka mwisho, akasema hakuna. Akaongeza kwamba mtu yule alimfundisha maneno hayo kwa umbo la adabu, lile ambalo mtu humwambia anayemheshimu, wakati angeweza kutumia lile la mkato. Zebedayo alitoka nje kupenga kamasi, na alikaa huko muda mrefu. Simeoni alitaka kumfuata. Nilimzuia.

Wakati wa kurudisha nguvu Bwana Nishio alikaa nasi kambini, na kila jioni alifungua darasa mbele ya stoo yangu. Ubao ulikuwa mlango wa stoo, na chaki yake sijaifuta. Jamani, tulisoma. Watu waliotoka kupasua mawe kutwa walikaa chini kabla ya kunawa ili wapate nafasi ya mbele. Tulijifunza kwamba shimasu ni nguo ya kutokea tu, na jina lake la nyumbani ni suru. Ukikataa kufanya ni shimasen. Tulijifunza kwamba vitenzi vya Kijapani vinafuata utaratibu wao kama watu kwenye foleni, isipokuwa viwili vikaidi, na hiki chetu ni kimojawapo. Simeoni, ambaye sasa alikaa mbele kuliko wote, alisema lugha yenye wakaidi wawili tu imebarikiwa, maana kambi hii inao wengi na wote wanalishwa. Tulijifunza pia kwamba jiwe shimasu haisemwi hata kidogo, kwa kuwa jiwe si kazi. Tulimshukuru mwalimu, na kesho yake tukasukuma jiwe kwa jiwe shimasu kama kawaida.

Siku ya mwisho alitufundisha umbo ambalo Ogata hakulifikia. Aliliandika juu kabisa ya mlango: shimasho, yaani tufanye pamoja. Darasa zima lilisimama. Hatukuhitaji maelezo, kwa kuwa huo ndio msaragambo wenyewe, na tulishangaa kwamba watu wa mbali namna ile wameweza kuuingiza katika neno moja. Zebedayo alimwomba mwalimu alitamke tena. Kisha akatutazama sote kwa zamu, kwa majivuno yale yale ya mtu aliyepanga jiwe likakaa.

Bwana Zebedayo, kambi inakushukuru kwa kona, kwa kalvati na kwa mifereji ya buti la kushoto. Inakushukuru kwa mchana ule uliotufundisha kunyamaza. Tunamshukuru Bibi Eliwaza kwa kutuazima mume wake muda mrefu hivi, na tunamrudishia akiwa mzima, ila mguu mmoja, ulioharibiwa na vita, na sauti ya besi, tuliyoikuta hivyo hivyo. Jumatatu utasema shimashita kwa mara yako ya mwisho, nasi tutarudisha zana bila ubishi. Mtarimbo wako nitauweka mahali pake, na hautaguswa. Uishi vizuri huko Mhezi, baridi ikuonee huruma, na shamba likutii kama tulivyokutii sisi.

Ila wastaafu tunawajua. Wanajifungia ndani, wanasema hawataki kumsumbua mtu. Ukifanya hivyo, tutakuja na lori na kulisimamisha barabarani chini ya nyumba yako. Hatutapuliza pembe. Tutaweka zana chini, tutainjika makande kando ya njia, na yakianza kunukia Simeoni atauliza, kwa sauti ile ya kuzungumza na jirani, shokuji shimasu ka?

Kisha tutanyamaza, sote, mpaka utakapojibu.